Majani ya Jumamosi

Swali lilikuwa la kumi na nne kwenye fomu, na Salvina alilijua kabla halijasomwa. Kwa miaka saba, kila alipofika kliniki, walimuuliza vilevile, naye akajibu vilevile.

"Mama, unabeba mizigo mizito? Kichwani, mgongoni au mkononi?"

"Hapana," alisema Salvina.

Mwanawe Rogath, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, aliinua macho akaanza kulichunguza feni la darini, ambalo wala halikuwa likizunguka. Alilichunguza mpaka jibu la mama yake lilipokwisha kuandikwa, ndipo akayashusha macho na kukohoa kidogo.

Aliyeuliza alikuwa mhandisi, dada mmoja wa Iringa aitwaye Pamela, aliyekuja Moshi na kompyuta yake kufanya utafiti wa nyonga za bandia. Nyuma yake alisimama Daktari Ebenezeri, mikono mfukoni, akiitazama picha ya eksirei iliyobandikwa kwenye kisanduku cha taa. Yeye ndiye aliyemwekea Salvina nyonga hiyo hapohapo hospitalini, na ndiye aliyemshika mkono siku ile ya kwanza alipotembea kutoka kitandani hadi dirishani, huku akimwambia, "Twende Mama, twende, mlima unakusubiri." Salvina alikuwa hajaisahau siku hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na alilia mbele ya wauguzi bila aibu.

"Sogea uone, Mama," alisema daktari. "Hiki ni kikombe cha plastiki, ndimo kichwa cha chuma kinamozunguka. Kimelika upande mmoja, huku juu. Na hili shina lililoingia kwenye mfupa wa paja limelegea, linacheza. Ndiyo maana unapata yale maumivu."

"Mimi nilidhani ni uzee."

"Uzee hauli plastiki, Mama. Kitu hiki kilitakiwa kikae miaka ishirini."

Pamela aliigeuza kompyuta. Kwenye kioo, mfupa mweupe wa nyonga ulikuwa ukienda mbele na nyuma, peke yake, bila mwili, bila mguu wa kuusindikiza.

"Huyu ni wewe," alisema. "Nimeijenga nyonga yako humu ndani kutoka kwenye picha zako. Nimeipa uzito wako, urefu wako, na majibu yako yote ya miaka saba. Halafu nimeitembeza. Mpaka leo imeshakwenda hatua milioni saba."

"Na haijachoka?"

"Kompyuta haichoki, Mama."

"Basi ina bahati," alisema Salvina, na daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Pamela hakutabasamu. Alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba kwa maisha aliyoyaeleza Salvina, ya kuamka, kukaa, kwenda kanisani na kupalilia maua kidogo, kikombe kilitakiwa kiwe kimelika unene wa karatasi tu. Hiki kilikuwa kimelika kama cha mtu aliyekitumia miaka ishirini na mitano. Alikuwa ameirudia hesabu mara tano, na mara zote jibu lilikuwa moja.

"Sasa kosa ni la nani?" aliuliza Rogath harakaharaka.

Pamela alimtazama daktari, akainamisha kichwa. Daktari Ebenezeri akajibu mwenyewe.

"Langu. Kama mama hajabeba kitu, basi inaelekea nilikiweka kikombe kimeinama kupita kiasi. Kompyuta haioni sababu nyingine."

Nje, muuguzi aliita jina la mtu mwingine, na sauti ya magongo ikapita kwenye korido.

Kisha wakaelezwa mambo mengine. Kamati ya utafiti ingekaa Alhamisi. Wagonjwa kumi wangechaguliwa kuwekewa nyonga mpya, yenye umbo lililochorwa upya kwa kufuata hesabu za kompyuta ile, bila malipo yoyote. Salvina alikuwa wa pili kwenye orodha, kwa sababu majibu yake yalikuwa safi miaka yote. Kati ya wagonjwa thelathini, ni wachache walioaminiwa kama yeye. Angepasuliwa kabla ya Krismasi. Ila si na Daktari Ebenezeri. Kama kamati ingekubali kwamba kosa lilikuwa la upasuaji, angeletwa bingwa mwingine, na yeye angekaa kando mpaka uchunguzi uishe.

"Usijali, Mama," alisema daktari alipoona uso wake. "La muhimu utembee."

Salvina alishika fimbo yake akainuka. Nyonga ilimchoma, lakini safari hii hakuguna.

* * *

Rogath alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Himo, na gari dogo la kubebea saruji. Walipofika Himo alisimamisha, akamnunulia mama yake soda, akamfungulia mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, mtu wa shati jeupe na sauti ya upole, na watu wa kijiji chao cha Kilema walipenda kumsikia akiongoza sala.

"Umejibu vizuri, Mama," alisema.

Salvina alikunywa soda yake.

"Maana wangekutoa kwenye orodha," aliendelea Rogath. "Umesikia mwenyewe, wanataka watu waliofuata masharti. Tungekuwa tumekosa."

"Na daktari?"

"Daktari ana kazi yake, Mama. Hawezi kulala njaa."

Ni kweli hakuwa mtu wa kulala njaa. Lakini Salvina alikuwa akiifikiria karatasi moja, karatasi ambayo Rogath aliisaini miaka saba iliyopita mbele ya daktari huyohuyo. *Nitahakikisha mama yangu habebi mzigo wowote.* Alisaini kwa madaha, kalamu ikiwa ya kwake. Na alitimiza, tusimsingizie. Alimwajiri kijana mmoja wa kukata majani ya ng'ombe, na kwa miezi miwili na nusu Salvina alikaa kwenye kigoda chake kama bibi harusi. Kisha kijana yule akaenda kulima viazi Sanya Juu. Rogath akasema atatafuta mwingine, na huyo mwingine anatafutwa mpaka leo.

Ng'ombe naye hajui masharti ya hospitali. Alilia zizini siku nzima, na siku ya pili Salvina alichukua mundu na ngata, akapanda msituni kwenye ule ukanda ambao watu wa Kilema huuita nusu maili, akakata majani, akafunga mzigo, akateremka nao kichwani. Hakuna aliyemtuma. Hakuna pia aliyemzuia. Rogath alimkuta jioni akimenya ndizi, akamtazama ng'ombe anavyotafuna, akasema, "Mungu ni mwema, Mama." Majani ni kazi ya wanawake kule mlimani, na mwanamume mwenye shati jeupe haulizi yametoka wapi.

Hivyo ndivyo miaka saba ilivyopita, na Salvina akidanganya kliniki kwa moyo mmoja. Hakudanganya kwa ajili yake. Alidanganya ili pasiwepo mtu wa kusema kwamba mwenyekiti wa jumuiya anamtuma mama yake mwenye chuma mwilini kwenda kubeba majani.

Walipofika nyumbani, Kindness, mke wa Rogath, alikuwa akiteremka njia ya juu na mzigo wa majani uliomfunika mpaka mabegani. Tangu Januari, Salvina aliposhindwa kabisa kupanda, mzigo ulikuwa umehamia kwa mkwewe. Hilo nalo halikuzungumzwa na mtu. Siku moja Kindness aliichukua tu ngata iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaenda.

"Shikamoo, Mama. Poleni na safari," alisema kutoka chini ya majani.

"Marahaba, mwanangu. Pole na wewe."

* * *

Jumatatu Pamela alifika kwa pikipiki, na begi mgongoni. Alitaka kuona mahali ambapo ile nyonga ilikuwa ikiishi, kwa maneno yake mwenyewe. Salvina alikuwa amejiandaa: mundu wake mkuukuu ulikuwa chini ya kitanda, pamoja na ngata yake ya zamani ya majani makavu ya mgomba, ambayo bado ilikuwa na umbo la kichwa chake.

Mgeni alipewa mtori wa ndizi, akala akamaliza, akasifu. Kisha akaanza kupima. Alipima urefu wa kigoda cha kukamulia. Aliingia chooni akapima kile kiti cha mbao chenye tundu ambacho Rogath alimchongea mama yake asiwe anachuchumaa. Akatoka akauliza hutumika mara ngapi kwa siku, na Salvina, mama wa watoto wanne, mjane, mtu anayekaa benchi la mbele kanisani, ikabidi ajibu. Aliweka simu yake juu ya njia, akasoma kwenye kioo, akapiga mluzi.

"Mama, mteremko huu ni mkali. Sikuujua hivi."

"Sisi hatuoni mteremko. Tumezaliwa nao."

"Kwenye kompyuta nimekutembeza sakafuni," alisema Pamela, kama mtu anayeomba radhi. "Namtafuta mtu mzima asiye na maumivu, anisaidie kutembea hapa nimpime, ndipo nilinganishe."

Kindness ndiyo kwanza alikuwa ameingia uani na mzigo wake. Alikubali. Pamela akamfunga vitu vidogo kama vifungo vya koti, kiunoni, mapajani na kwenye vifundo vya miguu, akampa na viatu vyenye soli za kupimia.

"Nitembee na mzigo au bila mzigo?" aliuliza Kindness, bila nia yoyote mbaya.

"Bila," alisema Pamela. Halafu akatazama ule mzigo uliolala chini. Aliinama kuuinua, ukagoma. Akajaribu tena kwa mikono miwili, ukanyanyuka kidogo ukarudi. "Tuupime kwanza huu."

Waliutundika kwenye mizani ya kahawa. Kilo thelathini na nane.

"Na unatoka nao wapi?"

"Juu kule, nusu maili. Ni saa moja kupanda, kuteremka hata zaidi kidogo, maana unajizuia."

Kindness alipanda mpaka kwenye mwembe wa jirani Theodora—ndiyo, hata Kilema upo mwembe mmoja, haujawahi kuzaa—akateremka bila mzigo, kisha akapanda na kuteremka nao. Salvina alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa akizitazama nyayo. Alimwona mkwewe anavyotupa mguu wa kulia mbele, anavyokaza kiuno, anavyojizuia na kushuka, kujizuia na kushuka, na kila hatua aliisikia kwenye nyonga yake mwenyewe kama mtu anayegongewa mlango.

Pamela alikaa na kompyuta yake kwa muda mrefu kidogo. Hesabu kamili ingefanyika chuoni, alisema, lakini makadirio aliweza kuyapata palepale. Nyonga ya Kindness ilitokea kwenye kioo. Alipokuwa hana mzigo, ilikuwa ya kijani na manjano kidogo. Pamela akabonyeza kuongeza mzigo. Pakatokea doa jekundu, huku juu, upande wa nje.

Aliifungua picha ya Salvina, ile ya kikombe kilicholika, akaiweka kando ya ile nyingine.

"Mama," alisema taratibu. "Pamefanana."

"Mifupa ya wanawake ndivyo ilivyo."

"Hapana, Mama. Sivyo ilivyo." Alishusha sauti. "Naomba nikuulize tena lile swali. Sitaliandika mpaka uniambie niandike."

Salvina alifungua kinywa. Mungu ndiye anajua alichotaka kusema, kwa sababu wakati huohuo Rogath aliingia uani kutoka dukani, shati likiwa jeupe, akiuliza kwa furaha kazi inaendeleaje na kama mhandisi amekaribishwa chakula. Alimwona mama yake. Akaviona vile vitu viwili kwenye kioo, ingawa hakuvielewa. Tabasamu lake likabaki usoni likiwa halina kazi.

"Sibebi mizigo," alisema Salvina.

Pamela alifunga kompyuta.

"Sawa, Mama. Nitaandika hivyo. Nyonga mpya tutaichora kwa ajili ya mtu asiyebeba mizigo." Alianza kumvua Kindness vile vifungo, kimoja kimoja. "Shida ni kwamba mwanamke huyo sijui anaishi wapi. Nimepita njia hii yote kutoka barabarani sijakutana naye."

Hakusema kwa hasira. Aliaga vizuri, akaamkia tena, akapanda pikipiki. Salvina alibaki mlangoni na aibu iliyompanda mpaka masikioni. Kindness alikuwa ameshika kiuno, akijinyoosha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

"Panauma?" Salvina alimuuliza.

"Kidogo tu, Mama. Nikilala panatulia."

Hata yeye Salvina zamani palikuwa panatulia akilala.

* * *

Alhamisi hakumwambia mtu. Aliamka kulipokucha, akavaa gauni la kanisani, akaenda mpaka kwenye masale yaliyozunguka kaburi la mumewe pembeni mwa kihamba, shamba lao la migomba. Akachuma jani moja, refu, zima, akalifuta umande kwa kanga, akalikunja na kulitia kwenye mkoba. Theodora alikuwa akipeleka ndizi sokoni Moshi kwa gari la kukodi. Akampakia mbele, akamuuliza mara mbili anakwenda wapi amevaa hivyo, na mara zote mbili Salvina akamjibu kuhusu bei ya ndizi.

Daktari Ebenezeri alikuwa ofisini kwake na chai ambayo alikuwa hajainywa. Pamela alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, karatasi za kamati mbele yake. Walishangaa kumwona peke yake. Walimpa kiti, akakataa. Alifungua mkoba, akatoa lile jani la isale, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili.

Pamela alilitazama bila kuelewa. Kwao Iringa ni jani la kupambia bustani. Lakini daktari alikuwa mtoto wa Machame, mlimani hukohuko. Aliweka kikombe chini, akasimama. Kule mlimani, mtu aliyekukosea akikuletea isale kuomba msamaha, humfukuzi na hulirudishi.

"Mama, kuna nini?"

"Nilikuwa nabeba," alisema Salvina. "Tangu mwezi wa tatu baada ya kunitengeneza. Majani ya ng'ombe, kutoka nusu maili mpaka nyumbani. Kikombe ulikiweka vizuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekila."

Daktari alikaa. Alijifuta uso kwa kiganja, na kwa muda kidogo hakuonekana kama bingwa wa mifupa, alionekana mtu aliyekosa usingizi wiki nzima.

"Miaka saba, Mama," alisema. "Kila mara nilikuuliza mwenyewe. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawaambia wenzangu, jamani, nina mgonjwa mmoja pale Kilema, anafuata kila neno. Usiku nilikuwa nakumbuka mikono yangu, naitafuta ilipokosea."

"Najua."

"Kwa nini?"

Salvina alikuwa amejiandaa kusema mengine yote isipokuwa hilo. Akashika fimbo kwa nguvu.

"Kwa sababu mwanangu alisaini karatasi," alisema. "Nikisema nabeba, nakuwa nimesema Rogath ni mwongo. Naye alikuwa amekaa hapohapo."

Pamela aliivuta kompyuta yake karibu, polepole, kama anaogopa kumshtua.

"Mama, naomba uniambie sasa. Mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku. Jumapili hapana, ni siku ya Bwana."

"Kwa hiyo siku sita."

"Sita kwa kuhesabu. Lakini ng'ombe hajui Jumapili. Jumapili anakula majani ya Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi unapanda mara mbili."

Pamela aliacha kuandika.

"Mara mbili siku moja? Mizigo miwili kama ule wa dada?"

"Wa pili unakuwa mkubwa zaidi. Unataka umalize ukaoge, uwahi kupanga maua kanisani."

"Wanawake wote wanafanya hivyo?"

"Wenye ng'ombe. Wewe ulifikiri maziwa ya Jumapili yanatoka wapi?"

Pamela aliandika. Aliuliza kuhusu mvua, na Salvina akaeleza kwamba majani yaliyolowa yana uzito mwingine, na kwamba kwenye utelezi unateremka kwa visigino. Aliuliza kuhusu kuinua mzigo, na Salvina akaeleza namna ya kupiga goti moja, siku zote lilelile. Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza mambo hayo, na alijikuta akiyaeleza vizuri, kama mtu anayefundisha kazi yake. Alipomaliza, aliuliza kile alichokuja akikiogopa.

"Na orodha?"

Daktari na Pamela walitazamana.

"Sheria ya orodha hatukuiandika sisi," alisema daktari. "Imeandikwa kwamba aliyevunja masharti ya mzigo hawekewi ya awamu ya kwanza. Nitakusemea, Mama. Naapa nitakusemea. Lakini siwezi kukudanganya."

"Usinidanganye," alisema Salvina. "Uongo wangu unatutosha."

Daktari Ebenezeri alilichukua lile jani la isale, akaliweka ndani ya kitabu kinene kilichokuwa mezani, akakifunga. Kisha akamsindikiza mpaka nje ya geti, akimshika mkono, kama siku ile.

* * *

Rogath alizipata habari kabla ya jioni, kwa sababu alimpigia daktari simu kuuliza matokeo ya kamati. Alipofika nyumbani hakuamkia. Alisimama katikati ya sebule, chini ya picha ya Bikira Maria.

"Umenitaja, Mama. Mbele ya watu."

"Nimekutaja."

"Umenivua nguo."

"Nilikuvika miaka saba, Rogath. Nguo yenyewe ilikuwa nyonga yangu." Salvina aliegemea fimbo yake. "Nisingekutaja, mwanangu. Kwa ajili yangu nisingekutaja hata wakinikata mguu. Lakini nimemwona mkeo kwenye ile kompyuta. Pale pale palipokufa pangu, na kwake pameanza kuwaka."

Rogath aligeuka. Kindness alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Hakutazama chini. Rogath alitoka nje, na chakula chake kikapoa.

Ijumaa Pamela alipiga simu, na Salvina akaiweka sauti ya juu ili kila mtu asikie. Kamati ilikuwa imemwondolea daktari lawama. Kamati ilikuwa pia imemwondoa Salvina kwenye wale kumi. Ile michoro ya nyonga mpya ilisimamishwa. Pamela alikuwa ameipakia mzigo wa kilo thelathini na nane, akaiteremsha mlima, Jumamosi mara mbili, nayo ilikuwa imepasuka ukingoni kabla ya mwaka wa tisa. Wangeichora upya, kikombe kizito zaidi, shina la namna nyingine. Wakiimaliza, Salvina angekuwa wa kwanza.

"Itachukua muda gani?" aliuliza Salvina.

"Mwaka, Mama. Labda na miezi. Naomba unisamehe."

"Wewe umekosa nini? Ichoreni vizuri."

Alikata simu. Mwaka mmoja, na miezi. Alijua maana yake: magongo, kisha kiti, na asubuhi za kuita mtu amsaidie kushuka kitandani. Aliinamisha uso akalia kidogo, si kwa kujuta. Rogath alikuwa amesikia kila neno kutoka uani.

* * *

Jumamosi Kindness aliamka akakuta mundu haupo. Ngata nayo haikuwepo mlangoni. Alimwuliza mkwewe, Salvina akasema hajui, na kweli hakujua.

Ilipofika saa nne, watoto wa Theodora walipiga kelele njiani. Salvina alijikokota mpaka mlangoni. Rogath alikuwa akiteremka kutoka nusu maili na mzigo wa majani kichwani. Alikuwa ameufunga vibaya, kamba imelegea, nusu ya majani inaburuzika upande mmoja. Alikuwa na shati la kazini, limelowa. Wanawake watatu wa jumuiya, waliokuwa wakielekea kanisani kufanya usafi, walisimama kumpisha. Mmoja alicheka. Wa pili akamgusa mkono ili aache.

Alipita katikati yao bila kusalimia, kwa sababu shingo haikugeuka. Salvina aliitazama miguu yake. Alijizuia na kushuka, akajizuia na kushuka. Kwenye kona ya mwisho aliteleza, akapiga goti, mzigo ukamvuta, akainuka nao tena. Kindness alitaka kukimbia kumpokea, mkwewe akamshika kanga.

"Mwache afike."

Alifika. Aliutupa mzigo mbele ya zizi, na ng'ombe akaanza kula palepale bila kumjali. Rogath alibaki ameinama, anahema, mikono juu ya magoti. Kisha akajinyoosha taratibu, akaweka kiganja kwenye nyonga yake ya kulia, akatafuta, akasogeza juu kidogo, upande wa nje, akabonyeza. Akainua macho kwa mama yake.

"Ni hapa, Mama?"

"Ni hapo," alisema Salvina.

Rogath aliitikia kwa kichwa. Kiganja kikiwa bado palepale, machozi yalimtoka mbele ya mkewe na mbele ya watoto wa jirani. Kindness alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akanywa yote.

Kisha akaiokota ngata kutoka chini, akaikung'uta, akachukua mundu, akaanza kupanda tena. Ilikuwa Jumamosi.